Maziwa Yasiyoshika Utando

Khaled hakuamini mashine wala maneno, aliamini sufuria. Kila asubuhi, dukani kwake katika mtaa wa Asiatique, kabla hajamlipa mtu hata faranga moja, alichota kikombe cha maziwa kutoka kila bidoni ya plastiki iliyoletwa, akakichemsha peke yake, akazima moto na kungoja. Maziwa yakianza kupoa yalipaswa kujivika utando juu. Khaled aliuinua kwa mpini wa kijiko, akautazama kama fundi cherehani anavyotazama kitambaa alicholetewa, ndipo akatoa hukumu: mimina, au rudi nayo.

Jumatano hiyo mpini ulipita katika maziwa ya Sijaona ukatoka mtupu, unachuruzika.

"Mama Hayat," Khaled alisema bila kuinua macho, "maji ya Carama naambiwa ni matamu. Lakini maji mi ninayo, ya bomba, hapo nyuma."

Wauzaji wawili waliokuwa kwenye foleni walicheka. Wa tatu, Médiatrice, aliyekuwa akileta maziwa yake kutoka Kanyosha, hakucheka. Aliinama akakaza kifuniko cha bidoni yake kilichokuwa kimekazwa tayari.

"Sikutia maji, Mzee Khaled. Wallahi sikutia."

"Usiniapie. Miezi miwili yanazidi kuwa mepesi, nikanyamaza. Juzi mepesi, nikakwambia. Leo ni haya." Alimimina kikombe kile kwenye ndoo ya kuoshea vyombo. "Mteja wangu ananunua mgando wa kusimamisha kijiko. Sukari imepanda, gesi imepanda, hata vikopo vya plastiki vimepanda. Nikimpandishia bei halafu nimpe na maji, kesho simwoni. Nakupa mpaka Ijumaa. Ijumaa kijiko kikitoka hivi, usijisumbue tena kutembea."

Sijaona alikuwa na miaka ishirini na minne, binti wa miezi mitano, Hayat, mgongoni, na ng'ombe mmoja, Bihogo, nyumbani. Aliinua bidoni yake, lita nane zilezile alizokuja nazo, akatoka. Baiskeli na pikipiki haziruhusiwi kuingia katikati ya mji, na mabasi siku hizo yalikuwa yamelala kwenye foleni za mafuta, kwa hiyo alitembea. Njiani aliuza maziwa kwa wapika chai, kikombe kikombe, kwa bei aliyotajiwa. Alipofika Carama bidoni ilikuwa nyepesi, na pochi nayo nyepesi vilevile.

Kilichomchoma zaidi ni lile neno la maji. Alizaliwa Buyenzi, kwa baba fundi wa redio ambaye aliwahi kumfuata mteja mpaka Kinama kumrudishia skrubu moja iliyobaki mezani. Na sasa yeye, binti wa mtu huyo, anachekwa hadharani kama mwizi wa maziwa. Maji hakutia. Alikama, akachuja kwa kitambaa safi, akabeba. Zaidi ya hapo hakufanya kitu, na maziwa yalikuwa mepesi kweli. Aliyaona mwenyewe kwa macho yake.

Nyumbani alimkuta shemeji yake Shakuru amekaa kwenye ngazi, kofia ya kufuma juu ya goti.

"Amekataa?" Shakuru aliuliza. Aliona jibu usoni. "Basi sikia, shemeji. Yuko bwana mmoja muchinjaji, pale Buyenzi. Nyama imepanda, anatafuta ng'ombe kama mutu anatafuta dawa. Atakuja Ijumaa baada ya sala. Pesa mkononi."

"Nani alimwita?"

"Mi. Na Uthmani anajua."

Uthmani, mumewe, alikuwa Rumonge miezi miwili sasa, akitengeneza injini za boti. Sijaona alimpigia pale pale. Sauti yake ilikuja na mlio wa nyundo nyuma yake.

"Mama Hayat, mi Bihogo nampenda," Uthmani alisema. "Lakini gunia la pumba leo linakula bei ya magunia mawili ya mwaka juzi. Khaled ndiye anayelilipa. Khaled akikataa, tutamlisha nini? Tumuone anakonda mpaka hata muchinjaji amkatae?"

"Niachie mpaka Ijumaa."

"Ijumaa utafanya nini?"

"Sijui. Niachie tu."

Nyundo ziliendelea nyuma ya Uthmani. "Sawa. Lakini Khaled akisema apana, usibishane na Shakuru."

Bihogo alikuwa ng'ombe mwekundu, mpole, aliyenunuliwa kwa akiba ya miaka minne. Alizaa ndama jike wiki mbili tu kabla Sijaona hajajifungua Hayat, ndama mdogo mwenye miguu kama fimbo za mwavuli, na kwa siku kadhaa walidhani hataishi. Uthmani alipokuwa nyumbani alikama mwenyewe. Alikuwa na kanuni yake: chuchu moja ya ndama, tatu za kwetu, na hizo tatu alizikama mpaka zikalegea kama soksi. Sijaona, akiwa na kichanga kifuani, hakupenda kuangalia. Binti yake ana matiti yote mawili, mtoto wa mwenzake apewe chuchu moja?

Kwa hiyo Uthmani alipoondoka na kazi ikabaki kwake, alibadilisha. Alimwacha ndama anyonye kidogo mwanzoni ili maziwa yashuke, akamfunga pembeni, akakama chuchu zote nne. Alipoona lita nane zimetimia, aliacha na kumfungulia ndama amalize kilichobaki, kwa raha zake, hakuna wa kumvuta. Lita ziliendelea kuwa zilezile alizopeleka Uthmani, kwani ndama hakubakiwa tena na chuchu nzima. Kila mtu alipata. Aliona ni haki.

Jirani yake Orpha alimcheka kwa mambo mengi, na hilo la kukama ndilo lililokuwa la kwanza. Orpha alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, mama wa makamo, aliyekulia milimani juu ya Fizi katika ukoo wenye ng'ombe wengi. Alikuja kila alasiri kushika kamba ya ndama, kwa malipo ya kikombe kimoja cha maziwa na maneno mengi.

"Kwetu mwanamuke hakamui," alisema alasiri hiyo ya Jumatano, kama alivyosema kila alasiri. "Mama yangu angekuona angefunika macho. Muke wa Kiislamu wa Buyenzi, chini ya ng'ombe, na mutoto mugongoni."

"Na nani angekama, dada Orpha? Wewe?"

"Mi? Apana. Mi ni wa siagi tu. Wanaume wanakama, sisi tunasukasuka kibuyu."

Sijaona hakuwa na nguvu ya kucheka. Alimaliza kukama, akamfungulia ndama, akakaa kwenye kigoda na kumhamishia Hayat kifuani. Mtoto alinyonya kwa pupa, akaachia, akalia. Sijaona alitaka kumgeuzia upande wa pili, kisha akakumbuka karipio la muuguzi wa kituo cha afya na kumrudisha palepale. Muuguzi yule alimwambia wiki iliyopita, alipompima Hayat na kuona uzito umesimama: usimhamishe haraka hivyo, mama, mwache amalize titi moja kwanza. Ya mwanzo ni ya kukata kiu. Ya mwisho ndiyo yenye mafuta.

Alikuwa akimtazama ndama bila kumwona. Sasa akamwona. Ndama alikuwa amepiga magoti ya mbele, mkia unacheza, povu zito jeupe limemjaa pembeni mwa mdomo. Manyoya yalimng'aa. Shingo ilikuwa na mkunjo. Ndama aliyenona, katika nyumba ambayo hakuna mwingine aliyenona.

"Dada Orpha," Sijaona alisema taratibu, "mvute."

"Nani?"

"Ndama. Mvute sasa hivi."

"Ameanza tu kula, masikini."

"Mvute, nakwambia."

Orpha alivuta. Ndama aligoma kwa miguu yote minne. Sijaona, akimshikilia Hayat kwa mkono mmoja ndani ya kitenge, alichuchumaa chini ya Bihogo na kukama kwa mkono uliobaki, akiminya kile kidogo kilichokuwa bado ndani. Kilitoka polepole, nusu kikombe, kisha robo tatu. Hakikuwa na rangi ya maziwa aliyoyazoea. Kilikuwa na manjano kidogo, kama ukuta wa zamani uliopakwa chokaa.

Waliwasha mbabula mlangoni na kuweka vikopo viwili juu ya makaa. Kimoja kilikuwa na maziwa ya bidoni, kingine yale ya mwisho. Vilipochemka waliviteremsha chini, wakakaa wanavitazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Hayat alilala. Kikopo cha bidoni kilipoa kikiwa na uso mtupu, ungeweza kujiona. Kile kingine kilijikunja, kikafunga utando mnene wenye mikunjo. Sijaona aliuinua kwa ncha ya kisu ukaja mzima, kama kofia.

Orpha alishika kichwa.

"Kumbe," alisema. "Mama alikuwa na neno moja. Kibuyu kikichelewa kutoa siagi, tunasukasuka mupaka mikono inauma, anasema: leo wanaume wamekama kwa haraka. Mi nilizani anawatukana tu."

"Na hukuniambia?"

"Ningejua wapi? Mi sijawahi kushika chuchu ya ng'ombe. Wenye kukama hawakujua siagi, wenye siagi hatukujua kukama." Kisha kicheko kikampanda, akashindwa kukizuia. "Mama Hayat, miezi miwili unamupa ndama siagi, halafu unabebea Khaled maji ya mwanzo. Na kwa miguu, tena."

Sijaona alicheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipotoka hakujua tena kama bado anacheka. Alijifuta kwa kitenge. Kujua kosa lilipo ni jambo moja. Kulirekebisha ni kumnyang'anya mtu kitu mdomoni, na mtu huyo ana miezi mitano na nusu, karibu sawa na Hayat, na amezoea.

Alifikiri huku akikata matete. Akikama zote nne mpaka mwisho, ndama atabaki na ngozi. Huyo ndama ni jike. Ndiye Bihogo wa kesho. Akiendelea kumwachia ya mwisho, hakuna Khaled, na Ijumaa kuna kamba ya mchinjaji. Kanuni ya Uthmani, iliyomuudhi, ilikuwa na akili ndani yake. Mgawo ulipaswa kufuata chuchu, kila moja na maziwa yake yote, ya mwanzo mpaka ya mwisho. Lakini chuchu moja bado aliona ni ukatili. Mbili kwa mbili. Za nyuma huwa zimejaa zaidi. Hizo za dukani. Za mbele za ndama, na nyongeza ya majani ya viazi vitamu aanze kutafuna kama watu.

Maziwa yangepungua, hilo alilijua. Aliamua kulibeba.

Alhamisi asubuhi ilikuwa vita. Ndama alizoea kuja kwenye kiwele chote, na alipozuiwa nyuma alipiga kichwa, akamkanyaga kidole Orpha, aliyekuja asubuhi hiyo kusaidia. Orpha alimtukana kwa lugha ya kwao, tusi refu lenye majina ya mababu. Bihogo naye, akisikia mwanawe analia, aliyabana maziwa. Sijaona aliweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe na kungoja. Alimwimbia wimbo anaomwimbia Hayat, bila aibu, mpaka ubavu ukalegea. Kisha akakama chuchu mbili za nyuma, na zilipoonekana zimekwisha akaendelea, akisukuma kiwele kwa kiganja kama alivyomwona Uthmani akifanya, tone kwa tone. Vidole vilikufa ganzi. Lita tano na nusu. Hizo hakwenda nazo mjini. Aliwauzia majirani, akabaki na kikombe cha kupima. Utando ulishika, ila haukuwa mnene kama alivyotaka. Aliacha mapema mno, alijiambia. Alasiri, na tena Ijumaa alfajiri, alikama dakika kumi zaidi.

Ijumaa alifika Asiatique jua likiwa bado changa, Hayat mgongoni, maziwa hayajafika hata kwenye shingo ya bidoni. Médiatrice alikuwa mbele yake, na wale wawili waliocheka walikuwapo pia.

"Mama Hayat wa kisima," mmoja alisema.

"Asubuhi njema na wewe," Sijaona alimjibu.

Khaled alichungulia ndani ya bidoni. "Hii nini? Nusu?"

"Chemsha kwanza, Mzee Khaled. Maneno baadaye."

Alichemsha. Alizima moto. Friji ilikuwa ikinguruma pembeni. Sijaona aliangalia mikono yake mwenyewe, vidole vilivyovimba kwenye maungio, kwa sababu sufuria hakuweza kuiangalia. Aliposikia Khaled amevuta pumzi puani, aliinua macho. Utando ulikuwa umening'inia kwenye mpini, mzito, unatingishika bila kukatika.

"Umenunua wapi haya?"

"Ni Bihogo yuleyule." Akamweleza yote mbele ya watu: jinsi alivyokama nusu na kumwachia ndama mwisho, muuguzi, vikopo viwili, chuchu za nyuma. Hakuficha kwamba kosa lilikuwa lake.

Khaled alisikiliza mpaka mwisho, kisha mabega yakaanza kutikisika. "Yaani mi nagombana na mama, kumbe anayekula utando wangu ni ndama." Akafuta macho. "Nisamehe lile neno la maji, binti yangu. Nilikosea. Mimina."

Sijaona hakumimina. Aliweka kiganja juu ya mdomo wa bidoni.

"Nimekusamehe. Lakini haya hayawezi kuwa na bei ya yale ya juzi."

"Juzi ulikuwa unataka kulia hapa. Leo unanipandishia bei?"

"Mzee Khaled, wewe mwenyewe ulisema. Sukari imepanda ukapandisha, gesi imepanda ukapandisha. Pumba imepanda, na mi nani nimpandishie? Ng'ombe?" Kiganja hakukiondoa. "Nikikamua mpaka mwisho na ndama abaki na chake, napata lita tano na nusu. Kwa bei ya zamani hazilipi gunia. Nikitaka lita nane, najua namna ya kuzipata, na wewe unaijua. Lipa mazito kama mazito, na mepesi kama mepesi. Sufuria unayo."

"Nikifanya kwako, wote watataka."

"Ndiyo," alisema Médiatrice. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi hiyo. Alichukua kifuniko cha bidoni yake, akakirudisha mahali pake, akakizungusha. "Mi ya kwangu yanashika utando mwaka mzima, na bei ni ile ile ya mwenye kutia maji. Mi pia nasubiri."

Wale wawili walitazamana. Yule aliyetaja kisima alikohoa, kisha naye akafunga yake.

Khaled alitazama vifuniko viwili, na mkono wa Sijaona, na saa ya ukutani. Wateja wa asubuhi walianza kusimama mlangoni na vikopo vyao. Alisema mambo kadhaa juu ya wanawake na juu ya mwisho wa dunia, kisha akataja nyongeza. Sijaona alitaja yake. Walikutana karibu zaidi na ya Khaled kuliko ya Sijaona, lakini ilikuwa nyongeza.

"Kuanzia Jumatatu," alisema Khaled.

"Kuanzia haya," alisema Sijaona, mkono bado juu ya bidoni.

"Mimina, mama, mimina, yasije yakaharibikia mikononi mwako."

Alingoja malipo mpaka adhuhuri, kisha akarudi Carama mbio mbio, kwani Shakuru hakupokea simu. Uani alimkuta amerudi kutoka msikitini, amesimama na mtu mnene aliyevaa mabuti ya mpira. Mtu huyo alikuwa akimpapasa Bihogo mgongoni kwa kiganja kipana, kwa upole kabisa, kama daktari. Kamba mpya ilikuwa begani mwake.

"Shemeji, umekawia," Shakuru alisema. "Bwana huyu ana safari nyingine. Tumeshapatana."

"Asalaam aleikum," Sijaona alimsalimu mgeni. "Samahani kwa usumbufu, baba. Ng'ombe hauzwi."

"Nimetoa neno," alisema Shakuru.

"Neno lilikuwa kwamba tunauza Khaled akikataa. Khaled amekubali, na ameongeza. Mpigie ndugu yako."

Shakuru alipiga, akaenda pembeni ya ukuta, akasikiliza kwa muda mrefu, akitikisa kichwa mara nyingi. Mchinjaji alingoja bila haraka. Alimtazama ndama.

"Na huyu mdogo? Amenona."

"Huyu ndiye hauzwi kabisa," alisema Sijaona.

Mtu yule aliinua mabega, akasema bei ya nyama itapanda tena na mlango wake wanaujua, akaondoka na kamba yake. Shakuru alirudi, simu mkononi, hajui auweke wapi uso wake.

"Anasema nikusaidie," alisema hatimaye. "Sasa, kama maziwa yanapungua lita, hizo nyingine utazipata wapi?"

"Kwa Bihogo. Akila vizuri ataongeza. Kuna majani ya viazi vitamu kwa yule mama wa kule karibu na mto, anayatupa. Lakini ni mzigo, na mi nina huyu mgongoni."

Shakuru alitazama kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Akaivua, akaitundika kwenye msumari wa banda, akabaki na fulana. "Mundu uko wapi?"

Alasiri Orpha alikuja na kidole kimefungwa kitambaa, akashika kamba ya ndama huku akimwambia asijaribu. Ndama alijaribu. Alilia, akavuta upande wa nyuma, akalia tena, na kwenye mkeka Hayat akaamka na kumsaidia kulia. Sijaona aliwasikia wote wawili. Kila kitu ndani yake kilitaka kuinuka. Aliweka ndoo katikati ya magoti, akashika chuchu mbili za nyuma, akaanza kukama, na hakusimama mpaka zote mbili zilipolegea kabisa mikononi mwake.